Watoto Wawili, Mstari Mmoja

Watu wa maabara walimwita Fundi, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni fundi wa kompyuta, basi majirani wakawa wanamletea pasi zilizoungua na redio zilizokata roho. Mwanzoni alijaribu kueleza. Baadaye alichoka, akanunua bisibisi.

Kazi yake halisi ilikuwa kutunza majedwali. Maabara ile ilipokea kadi za damu za watoto wachanga kutoka hospitali kumi na moja. Mtoto akifikisha siku tatu alichomwa kisigino, matone manne yakadondoshwa kwenye kadi, kadi ikakaushwa na kuletwa kupimwa kama ana moja ya yale magonjwa machache ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo, yakigunduliwa mapema, hutibika. Majibu yaliingia kwenye hifadhidata. Ndani ya hifadhidata hiyo Fundi ndiye aliyeamua kila jedwali liwe na safu zipi, safu ipi isiachwe wazi, na kitu gani kitofautishe mstari wa mtoto huyu na mstari wa mtoto yule. Kitu hicho wenye kazi hiyo wanakiita ufunguo.

Alikuwa mtu wa mpangilio. Hakugusa jedwali lolote bila kwanza kuandika faili linaloeleza badiliko lenyewe: safu imeongezwa, safu imepewa jina jipya, ufunguo umewekwa. Kila faili lilikuwa na namba, tarehe na jina la aliyeliandika, na hakuna lililofutwa hata kama badiliko lenyewe lilikuja kutenguliwa. Ukitaka kujua jedwali lilikuwaje siku fulani, unasoma mafaili kuanzia la kwanza mpaka siku hiyo. Yalikuwa yamefika mia moja na arobaini. Wenzake walimtania kwamba hajaoa kwa sababu hajapata mwanamke anayekubali kuandikiwa faili.

Aliyekuwa naye duniani, mbali na mama, ni mdogo wake wa kike. Baba yao aliwaacha mapema, na Fundi ndiye aliyempeleka yule binti shule siku ya kwanza, akamfundisha kusoma, na baadaye akasimama mahali pa baba siku ya kuolewa kwake. Binti alikuja kuwa mwalimu wa chekechea, na kila mtu akawa anamwita Mwalimu. Alikaa miaka minane kwenye ndoa bila mtoto. Alipopata, akapata wawili kwa mpigo, wasichana. Wa kwanza wakamwita Kurwa, wa pili Doto, kama mapacha wanavyoitwa, na ingawa kwenye vyeti kulikuwa na majina mengine, hakuna aliyeyatumia.

Kurwa alikuwa mtoto wa kelele. Alilia akitaka kula, akalia akishiba. Doto hakuwa na neno. Alilala. Ilibidi aamshwe ili anyonye, na hata akinyonya alisinzia katikati. Wageni walimsifu. "Huyu mmoja amekuja na adabu zake," walisema. Fundi naye alimbeba kifuani kila Jumamosi, akajisifu: "Huyu ndiye mpwa wangu wa kweli. Mtulivu kama mjomba wake."

Mwalimu alicheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hakucheka. Watoto walikuwa na miezi tisa, Kurwa ameshaanza kutambaa na kuvuta vitambaa vya meza, na Doto bado anaegemezwa kwenye mito.

"Kaka," alisema, "mimi nashinda na watoto kila siku. Mtoto mpole namjua. Huyu si mpole. Huyu ni kama hajafika."

Walizunguka kwa madaktari miezi miwili. Mmoja alisema pacha mmoja huwa anachelewa. Mwingine aliandika dawa ya choo kigumu. Wa tatu, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alimvua Doto nguo, akaitazama ngozi yake kavu na ulimi uliojaa mdomo, akamgusa shingo, akaagiza damu ipimwe siku hiyohiyo. Tezi ya shingo ya Doto haikuwa ikifanya kazi, na haikuwahi kufanya tangu alipozaliwa. Dawa yake ni kidonge kidogo kila asubuhi, maisha yote.

"Basi atapona?" aliuliza Mwalimu.

"Mwili utachangamka, utaona ndani ya wiki chache. Atakua." Daktari alifunga jalada. "Ubongo ndio uliokuwa unaihitaji hiyo dawa miezi ile ya kwanza. Kilichopita hatuwezi kukirudisha. Kama angeanza wiki ya pili..."

Hakumaliza, na Mwalimu hakumtaka amalize.

"Lakini alipimwa," alisema. "Nilikuwepo. Walichomwa kisigino wote wawili. Doto hata hakulia, nikafurahi."

Jioni ile alimpigia kaka yake simu. Sauti yake ilikuwa kavu, haina machozi. "Wewe si ndiye mwenye ule mfumo? Nitafutie majibu ya Doto ya siku ile. Kama kuna mtu alizembea, nataka kumjua ni nani."

"Kesho asubuhi ndiyo kazi yangu ya kwanza," alisema Fundi. "Na nikimjua, mimi na yeye."

Kesho yake aliingia kazini kabla ya wafagizi. Aliandika namba ya mama na tarehe ya kuzaliwa. Ukaja mstari mmoja. Aliutazama akidhani amekosea kuandika, akaandika tena. Mstari mmoja. Kipimo cha tezi: kawaida.

Mapacha wawili, kadi mbili, mstari mmoja.

Akili ilikuwa bado inatafuta mtu wa kulaumu. Alifungua daftari la mfumo, lile ambalo kompyuta hujiandikia yenyewe kila kinachotendeka. Alishuka mpaka siku ile. Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, majibu ya kadi moja yameingia: kipimo cha tezi kiko juu sana, mtoto aitwe haraka. Saa nne na dakika kumi na sita, majibu ya kadi nyingine yameingia, namba ya mama ileile, tarehe ya kuzaliwa ileile: kawaida. Chini yake kompyuta imeandika kwa unyoofu wake wote: mstari upo tayari, umesasishwa.

Orodha ya watoto wa kuitwa haraka ilitolewa kila siku saa kumi alasiri. Ilipotolewa siku ile, Doto alikuwa ameshafutwa kwa karibu saa sita. Dakika mbili tu alikuwemo kwenye jedwali, mgonjwa anayetafutwa, kisha dada yake mzima akawekwa juu yake.

Hakukuwa na mhudumu aliyezembea. Aliyechoma kisigino alichoma vizuri, aliyepima alipima vizuri. Jedwali lilifanya lilichoambiwa. Fundi alifungua mafaili yake, akaanza la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akakuta mstari unaosema kwamba ufunguo wa jedwali la watoto ni namba ya mama pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Jina la aliyeliandika lilikuwa lake. Na pembeni, kwa maneno ambayo kompyuta haiyasomi, yaliyowekwa kwa ajili ya binadamu tu, alikuwa ameandika: mapacha, baadaye.

Ndipo akakumbuka. Kilikuwa kikao cha mchana, miaka mitatu nyuma, viyoyozi vimekufa na kila mtu anajipepea kwa makaratasi. Mkunga mmoja, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliinua mkono. "Samahani mwanangu, mimi si mtu wa kompyuta. Ila nikizalisha mapacha, hapo itakuwaje?" Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Fundi alitabasamu akamjibu, "Swali zuri, mama. Hilo tutaliangalia awamu ya pili." Mkunga akaridhika, akashusha mkono. Awamu ya pili haikuja. Zikaja kazi nyingine, ripoti nyingine, safu nyingine za kuongeza, na mafaili yakafika mia moja na arobaini.

Alikwenda msalani akanawa uso, akarudi, akasoma tena kama vile maneno yangeweza kuwa yamebadilika. Kisha akapanda kwa mkuu wa maabara.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajisugua macho muda mrefu. "Unaweza kurekebisha?"

"Leo hii. Kila mtoto apewe namba yake mwenyewe, kadi ifungwe na namba hiyo, na majibu ya zamani yasifutwe na mapya, yakae yote. Ni kazi ya saa chache." Kisha akaongeza: "Ilikuwa kazi ya saa chache hata wakati ule."

"Basi rekebisha. Habari za familia tuwaachie wanasheria. Usiseme na mtu kwanza."

"Mkuu, familia ya kwanza ni ya mdogo wangu."

Mkuu alimtazama, kisha akatazama dirishani.

Fundi aliandika faili la mia moja na arobaini na moja mchana ule. Alilijaribu mara sita kwenye nakala kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Kisha akaanza kupekua daftari la mfumo la miaka mitatu, akitafuta kila mahali palipoandikwa kwamba mstari upo tayari, umesasishwa. Wengi walikuwa watoto waliopimwa mara mbili tu, hao hawana tatizo. Lakini kadi za damu zenyewe zilikuwa zimehifadhiwa kwenye ghala, na kwenye kadi wakunga walikuwa wameandika kwa kalamu, kwa hiari yao, bila kuagizwa na yeyote: pacha wa kwanza, pacha wa pili. Walikuwa wanajitahidi kutenganisha kwa mkono kile alichokichanganya yeye. Alizilinganisha moja moja, siku tatu, akishirikiana na mtunza ghala. Walipata jozi mia mbili na sita. Katika jozi hizo, mbali na Doto, kulikuwa na mtoto mmoja mwingine ambaye majibu yake ya ugonjwa yalifunikwa. Alikuwa na wiki tano. Mkuu, safari hii bila kuuliza wanasheria, alichukua simu yake mwenyewe akawapigia wazazi, na mtoto akaanza dawa siku hiyo.

Siku hizo tatu Mwalimu alipiga simu mara nne, na mara nne Fundi akamwambia bado anatafuta. Huo ndio uongo pekee aliowahi kumwambia, na ulimwuma karibu sawa na ule ukweli.

Jumamosi akaenda. Mchana kweupe, jua linawaka, watoto wa jirani wanacheza mpira barabarani. Shemeji yake, dereva wa malori, alikuwa amerudi safari asubuhi ile, amekaa sakafuni na Kurwa mabegani. Doto alikuwa kwenye mkeka. Alikuwa ameshameza vidonge siku tano, macho yameanza kuchangamka, anafuata kwa macho kila anayepita. Mwalimu alikuwa anapiga pasi nguo za watoto.

"Umempata?" aliuliza bila kusalimia.

"Nimempata."

"Nani?"

Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Alipanga aanze na kadi, aeleze jedwali, aeleze ufunguo, afike taratibu. Yote yalimtoroka. "Ni mimi," alisema.

Shemeji alicheka kidogo, akidhani ni utani usio na mahali pake. Mwalimu hakucheka. Aliisimamisha pasi wima.

"Wewe vipi? Wewe hupimi damu."

Basi akaeleza, amesimama, hakuthubutu kukaa. Akaeleza kwamba jedwali lilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu kwa mama mmoja kwa siku moja. Kwamba majibu ya Doto yalikuwepo, ya kweli, yanayosema aitwe, yakakaa dakika mbili, na majibu ya Kurwa yakaandikwa juu yake. Kwamba aliyepanga hivyo ni yeye. Hakuficha hata lile la mkunga. Alipofika pale, Mwalimu aliinua uso.

"Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Mbele ya watu, akakuuliza kuhusu mapacha."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema baadaye."

Mwalimu alirudia neno hilo, polepole, kama anavyowatamkia watoto wa chekechea neno jipya. "Baadaye." Kisha akakaa chini, palepale penye mkeka, akamchukua Doto akamlaza mapajani, akaanza kumpapasa nywele. Machozi yalimtoka bila sauti, yakamdondokea mtoto usoni, na Doto akayafumbia macho kama mtu anayenyeshewa.

"Nimekaa miezi kumi na moja," alisema, "najiuliza nilikula nini nikiwa na mimba. Nililala vibaya? Nilibeba ndoo? Mama mkwe amesema nilisimama sana darasani. Nikamwamini, kaka. Nilimwamini."

Fundi alipiga magoti. "Nisamehe. Nakuomba kwa..."

"Nyamaza," alisema shemeji. Alikuwa amemteremsha Kurwa na kusimama. Hakumgusa. Alifungua mlango tu, akasimama kando yake akiwa ameushikilia. Fundi akanyanyuka, akatoka.

Maabara haikumfukuza. Ilimwondolea madaraka ya majedwali, ikampa kazi ya kupitia mafaili ya wengine na kuuliza maswali. Aliifanya kwa ukali uliowachosha wenzake. Hakuna badiliko lililopita mbele yake likiwa na neno "baadaye" pembeni. Alimtafuta yule mkunga ili amwombe radhi, akaambiwa amestaafu na kuhamia kwa binti yake, na hakuna aliyejua ni wapi.

Kwa Mwalimu alikwenda kila Jumamosi, na kila Jumamosi hakufunguliwa. Alikuwa akigonga, anasikia Kurwa akiita "Mjomba!" kwa ndani, kisha anasikia mtoto akinyamazishwa. Mama yao aliingilia kati, akalia, akamwambia binti yake kwamba damu ni damu. Mwalimu akamjibu, "Mama, damu ndiyo iliyopotea." Mama hakurudia tena.

Zikapita barua. Fundi aliandika barua ndefu nne, zote za kuomba msamaha. Ya tano ilikuwa fupi: mtoto wa wiki tano ana afya, amekaa kwa wakati wake, anatambaa. Hiyo ilijibiwa. Mwalimu alimpigia simu, mara ya kwanza baada ya miezi saba.

"Nimefurahi kwa mama yake," alisema. "Nimefurahi kweli. Halafu nimeingia chumbani nikalia mpaka Kurwa akaniletea kikombe cha maji. Wewe unaelewa mtu anaweza kufurahi na kuumia hivyo kwa wakati mmoja?"

"Naelewa."

"Hujaelewa. Lakini sikiliza. Nimechoka kuwa peke yangu. Mume wangu yuko barabarani wiki nzima, na Doto anatakiwa mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, na mimi nina darasa. Uje. Ila kuna jambo moja."

"Lolote."

"Usiniombe msamaha tena. Kila ukiniomba inanibidi nikubembeleze wewe, na nguvu hizo sina. Ukija, njoo kwa ajili ya mtoto."

Akaomba maabara imruhusu kufanya kazi mchana na jioni, ili asubuhi ziwe za Doto. Alijifunza kumnyoosha miguu, kumshika kiunoni wakati anajaribu kusimama, kumsagia kidonge kwenye kijiko na kusubiri nusu saa kabla ya kumlisha. Doto alisimama akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Alitembea karibu na miaka mitatu, miguu imetanuka kama mtu anayevuka mahali penye utelezi. Maneno aliyokuwa nayo yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mawili kati ya hayo watu wa nyumbani tu ndio waliyaelewa. Daktari yule asiye na maneno mengi alisema ataongeza mengine, taratibu, lakini darasani hatakaa na wenziwe wa umri wake.

Siku ya kwanza ya Kurwa kwenda chekechea ilikuwa Jumatatu. Mwalimu alimvika sare, akamfunga nywele, akamfunga na Doto nywele vilevile kwa mazoea, kisha mikono ikasita kichwani mwa Doto. Fundi alikuwa mlangoni. Aliona, akatazama pembeni.

"Mbona Doto hajavaa?" aliuliza Kurwa.

Kurwa akamgeukia mjomba. "Mbona Doto hajavaa?"

"Doto atabaki na mimi," alisema Fundi.

"Kwa nini?"

Kurwa akavua mkoba wake mgongoni akamvalisha Doto, akairekebisha kamba, akaridhika. Mwalimu alimpisha. Aliwaacha wasimame hivyo pale sebuleni, mmoja na sare, mwingine na mkoba, kwa muda ambao ungeweza kumchelewesha kazini. Kisha akauvua mkoba mgongoni mwa Doto, akamshika Kurwa mkono, wakatoka.

Doto alikaa mlangoni asubuhi nzima. Hakukubali mazoezi, hakukubali kula. Karibu na saa sita usingizi ukamshinda, akamlalia Fundi begani, naye akakaa naye palepale kizingitini. Mkono ulikufa ganzi mpaka vidoleni. Hakuuhamisha.

Mwalimu aliporudi na Kurwa aliwakuta hivyo. Alisimama akiwatazama, jasho usoni na chaki kwenye vidole. Akainama, akamchukua mtoto wake kwa uangalifu asimwamshe.

"Kesho njoo saa moja na nusu," alimwambia kaka yake. "Usichelewe."

"Nitafika."

Alimpita akaingia ndani. Mlango hakuufunga.